Kufuli lililoombewa kibali

Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, na nyumbani kwa akina Badrawi huko Talkha, ng'ambo ya mto ukitokea Mansura, kuna mambo mawili yanayoiva kwa pamoja. Mekoni kuna sufuria ya mulukhiya, mchuzi mzito wa majani ya kijani. Juu ya friji kuna laptopu iliyofunguliwa, na kwenye kioo chake mistari ya maandishi inapanda bila kupumzika.

Inas Badrawi, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ameshika kikaango cha kitunguu saumu kinachochemka kwenye samli. Jicho moja liko kwenye samli, jingine kwenye kioo.

"Umeshtuka?" anauliza mama yake, Haja Fawkiya, kutoka sebuleni. Huku Misri, mpishi akimwaga kitunguu saumu kwenye mulukhiya lazima avute pumzi kwa nguvu kama aliyeshtuliwa, la sivyo chakula hakinogi.

"Bado, mama. Bado inajengeka."

"Nakuuliza habari ya mulukhiya, unanijibu habari ya kompyuta."

Mistari inasimama. Mstari wa mwisho unatokea kwa rangi ya kijani, maana yake majaribio yote yamepita. Inas anamwaga kikaango, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, kisha anacheka peke yake.

"Nimeshtuka, mama. Vyote viwili."

Kilichoiva juu ya friji ni kifurushi kipya cha programu ya usimbaji, ile inayoyageuza mafaili ya kompyuta yawe takataka isiyosomeka mpaka mwenye ufunguo aje. Kitapelekwa kwenye kliniki ishirini na sita za hisani katika vijiji vya Delta. Kwa kifurushi hicho, Inas amepoteza ajira, ameitwa Kairo kuhojiwa, na ameandikwa jina lake kamili mahali ambapo Wamisri wengi wangeomba lisiandikwe.

Yeye hakuibuni programu hiyo. Iliandikwa na watu wengine, wa nchi mbalimbali, na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua. Kazi ya Inas ni kuifungasha: kuikagua, kuijenga upya, kuipatanisha na mfumo unaoendesha kompyuta, kuyaweka maelezo yake kwa Kiarabu, na kuitia sahihi yake ili anayeipokea ajue haikuchezewa njiani.

"Mimi si mtengeneza dawa," anaeleza. "Mimi ndiye ninayeweka vidonge kwenye pakiti na kuandika kipimo kwa lugha ya mgonjwa. Ukiniuliza kidonge kilitoka wapi, nakwambia. Ukiniuliza nani kakigusa, nakwambia pia."

Mfumo anaoufanyia kazi unaitwa Sakia, kwa jina la gurudumu la kuvutia maji shambani. Ulianzishwa Mansura na watu wachache waliochoka kuona kompyuta kuukuu zikitupwa. Hauuzwi. Walioujenga hawalipwi. Unakwenda hata kwenye mashine ambazo mafundi wengine wameshazikatia tamaa, na ndiyo maana kliniki za vijijini ziliupenda.

Kwa miaka mingi Sakia ilikuwa na kila kitu ila usimbaji. Sababu ilikuwa sheria. Sheria ya mawasiliano ya Misri inakataza kutengeneza, kuingiza au kutumia vifaa vya usimbaji bila idhini ya maandishi ya mamlaka husika na vyombo vya usalama. Wakili wao, Wagdi Mikhail, anayeitwa ustadhi kama mawakili wote wa huku, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliwaambia tangu mwanzo waiache.

"Nilimwambia, ustadhi, simu ya waziri inasimba, simu ya muuza viazi inasimba, mbona hawakamatwi?" anakumbuka Inas. "Akaniambia, simu ya muuza viazi haina jina lako, bashmuhandisa. Kifurushi kina jina lako." Bashmuhandisa ndivyo mhandisi mwanamke anavyoitwa huku kwa heshima.

Wakaiacha. Kila aliyepakua Sakia alipata mfumo mzuri, wa bure, usio na kufuli.

Kisha ikaibwa laptopu ya kliniki ya Kafr el-Tut.

Wezi waliingia kwa dirisha la chumba cha chanjo wakachukua mizani, feni na laptopu. Polisi waliandika taarifa. Muuguzi Awatif, anayeishika kliniki ile kama nyumba yake, alililia feni kwa sababu lilikuwa jipya. Laptopu ilikuwa ya zamani, na hakuna aliyeiwazia sana.

Ikauzwa kwenye soko la vitu vilivyotumika. Kijana aliyeinunua akaiwasha, akakuta mafaili ya wagonjwa yako wazi, majina na majibu ya vipimo. Akapiga picha yale ya wenye homa ya ini akayarusha mtandaoni kwenye ukurasa wa watu wa eneo lile, akiandika kwamba anawatahadharisha majirani.

Kwenye picha hizo alikuwemo Ghada Badrawi, mdogo wake Inas, mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana.

Ghada alikuwa ameshapona. Alimeza dawa zake mpaka zikaisha, akapimwa tena, akaambiwa damu yake ni safi. Hayo hayakuwepo kwenye picha. Picha ilionyesha kipimo cha kwanza tu.

Alikuwa amechumbiwa. Siku mbili tatu baadaye mama mkwe mtarajiwa alikuja nyumbani, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Haja Fawkiya, hatukuambiwa," alisema.

"Mlikuwa mwambiwe nini?" Haja Fawkiya alijibu. "Mtoto aliumwa, akapona. Wewe hujawahi kuumwa?"

"Nimepona, shangazi," Ghada alisema mwenyewe. "Nina karatasi za daktari."

"Mungu akuzidishie afya, binti yangu. Ila mimi mtoto wangu ni mmoja."

Kwa desturi, mwanamume akivunja uchumba, dhahabu aliyotoa hubaki kwa msichana. Ghada aliingia chumbani, akatoka na bangili na pete ndani ya kitambaa, akaviweka mapajani mwa yule mama. Haja Fawkiya alimwambia ni haki yake. Ghada akajibu kwamba hana mahali pa kuviweka.

Shuleni wazazi wawili waliomba mabinti zao wasishike mpira aliougusa yeye. Mwalimu mkuu alimtetea, lakini kwa muda ule uliobaki wa mwaka Ghada alifundisha michezo akiwa amesimama kwenye mstari, mikono mifukoni.

"Hakunilaumu hata siku moja," anasema Inas. "Alikuja tu jikoni, akaniita Abla kama dada mkubwa anavyoitwa, akaniuliza, hivi kulikuwa na njia ya kuzuia? Nikamwambia ndiyo. Akauliza, mbona haikuwekwa? Nikamweleza sheria. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, haya, akaosha vyombo."

Inas alianza kukifungasha kifurushi wiki ileile.

Kazi yenyewe, anasema, haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kwenye kikao cha wenzake, walichokifanya mkahawani nyuma ya kituo cha treni, huku wauza karanga wakiwapitia katikati ya maneno.

Lutfi, anayesimamia seva za Sakia, hakuona shida iko wapi.

"Weka nje ya nchi," alisema. "Tafuta seva Ulaya, tia jina la uongo, kwisha kazi. Hata Wamarekani zamani waliuita usimbaji silaha, ukawa hautolewi nje bila ruhusa. Watu walifanyaje? Waliweka vifurushi kwenye seva za nchi nyingine, dunia ikaendelea."

"Wale waliovipakua hawakuwa Kafr el-Tut," Inas alimjibu. "Awatif akiulizwa kakitoa wapi, atasema nini? Kanitumia jini?"

"Aseme hajui."

"Yaani mimi na wewe tujifiche Ulaya, muuguzi abaki mlangoni na kufuli mkononi."

Lutfi alikuna ndevu. "Sasa unataka nini, bashmuhandisa? Uende ukabishe hodi, useme, mabwana, nina kitu mlichokikataza, naomba baraka?"

"Ndiyo."

"Wewe umerogwa."

Ustadhi Wagdi, aliyekuwa akila karanga kimya, alisema hajawahi kuona kikundi cha watu wa kujitolea kikiomba kibali hicho, kwa hiyo hawezi kuahidi kama watapewa au watafungwa. Kisha akasema ataliandika ombi bila malipo, kwa sharti kwamba Inas asiongee zaidi ya anavyoulizwa. Sharti hilo, kama ilivyokuja kuonekana, halikutimizwa.

Ombi lilipelekwa. Kwa muda mrefu hakikusikika kitu, kisha vikaanza kusikika vitu pembeni. Mtu alipita mtaani akamuuliza muuza duka kama Inas anapokea wageni. Mwingine alimpigia simu mwajiri wake.

Inas alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya kusambaza dawa, mshahara pauni elfu kumi na moja kwa mwezi. Meneja alimwita, akafunga mlango.

"Nasikia umejiandikisha huko juu," alisema.

"Nimeomba kibali. Ni jambo la halali."

"La halali haliulizwi kwa simu. Mimi nina wake za watu na watoto wa watu humu ndani. Usiniletee wageni."

Mkataba wake ulipokwisha haukurefushwa. Tangu hapo anatengeneza kompyuta nyumbani, kwenye meza ya kulia, na mwezi ukiwa mzuri anapata kama nusu ya alichokuwa akilipwa. Haja Fawkiya, ambaye hajui kusimba wala kusimbua, alitoa bangili zake mbili za harusi akazipeleka kwa sonara bila kuaga mtu. Inas alipozikosa mkononi mwa mama yake, aliambiwa zilikuwa zinambana.

Siku ya kuitwa Kairo ilifika. Waliondoka kwa treni, yeye na Wagdi. Waliingizwa ofisini kwa mtu wa makamo aliyejitambulisha kwa jina moja, Tharwat, na ambaye kila mtu aliyeingia alimwita Bey, yaani mheshimiwa. Aliagiza chai. Aliuliza watoto wangapi, na alipoambiwa hakuna, alisema Mungu atajalia.

"Sasa, bashmuhandisa," alisema, "unataka kuficha nini?"

"Mimba, kisukari na homa za ini, Bey. Na si zangu."

"Na mhalifu akikipata hiki kifurushi chako?"

"Mhalifu ana simu mfukoni inayosimba vizuri kuliko changu, na hakuja kukuomba ruhusa. Nimekuja mimi."

Wagdi alimkanyaga kiatu chini ya meza. Tharwat Bey aliona, akatabasamu kidogo, akageuza ukurasa.

"Ufunguo wa ziada uko wapi?"

"Ufunguo upi?"

"Wa kufungua mashine zote, ikibidi. Ofisi hii iwe nao."

"Haupo."

"Utengeneze. Ukiutengeneza, sioni kwa nini tusikubaliane wiki hii."

Inas anasema hapo ndipo alipoelewa kwamba angeweza kurudi nyumbani na kibali. Angekuwa na kazi labda, na mama yake angerudishiwa bangili. Kiufundi aliweza. Alihesabu kichwani ingemchukua jioni ngapi, na hazikuwa nyingi.

"Bey," alisema, "nikiutengeneza, leo utakaa kwenye kabati lako. Kabati lako sina shaka nalo. Lakini wewe utastaafu, na kabati litabaki. Laptopu ya Kafr el-Tut ilipoibwa, ilifunguka kliniki moja. Ufunguo huo ukiibwa, zitafunguka zote, na sitajua mpaka nione majina ya watu mtandaoni."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na koti hili, na ni la kuazima."

Wagdi aliingilia kati. Alipendekeza kwamba daktari mkuu wa kila kliniki awe na ufunguo wa pili wa kliniki yake peke yake, na mahakama ikitaka faili imwandikie yeye, kama inavyofanya kwa mafaili ya karatasi. Hakuna jipya, alisema, ila kabati limekuwa la umeme.

"Tutaangalia," alisema Tharwat Bey, akasimama, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Kwenye treni Wagdi alikula mikate yote ya taamiya, yenye bajia za maharage, waliyofungiwa na Haja Fawkiya, ya kwake na ya Inas.

"Umeshinda mabishano," alimwambia, "na tumekosa kibali. Hongera."

"Umekula yangu, ustadhi."

"Nimekula kwa hofu. Nihurumie."

Kibali kilikuja wakati wa mavuno ya mpunga, walipokuwa wameshaacha kukizungumzia. Hakikudai ufunguo wa ziada. Pendekezo la Wagdi lilikuwa limeingia neno kwa neno. Lakini kilikuwa na kuta nne: kifurushi kiwekwe kwenye kliniki zilizosajiliwa tu, kila moja kwa jina, kisiingie kwenye ghala la wazi la Sakia mtandaoni, ambamo yeyote hupakua programu, mtu mwingine yeyote asipewe, na msimamizi wake, Inas Badrawi, awajibike binafsi kwa lolote.

Wenzake walifurahi. Lutfi alileta keki ya basbusa na kuomba radhi, kisha akajenga ghala la pembeni linalofunguka kwa kliniki zilizoruhusiwa pekee. Anakiri hadi leo kwamba inamuudhi. "Tumejenga mlango mzuri sana," anasema, "ili tuwazuie watu tuliowajengea nyumba."

Inas alizunguka vijijini kwa mabasi madogo akifundisha wauguzi. Wengi walikuwa wagumu. Awatif ndiye alikuwa mgumu kuliko wote.

"Neno la siri refu hivi nitalikumbukaje?" alilalamika.

"Umezaa wangapi?"

"Sita."

"Na majina yao umeyaandika ukutani?"

Awatif alimtazama kwa jicho la pembeni, kisha akaliandika neno la siri kwenye kompyuta. Siku hizi ndiye anayewagombeza wauguzi wa kliniki jirani wanaoacha kompyuta wazi wakienda kunywa chai.

Majira ya machipuko yaliyopita wezi walirudi Kafr el-Tut, safari hii kwa mlango. Awatif alimpigia Inas huku akihema.

"Bashmuhandisa, wameichukua tena."

"Ilikuwa imezimwa?"

"Niliizima kwa mkono wangu huu."

"Basi wameiba bati na plastiki. Ingia ndani, ukae, unywe maji."

"Na majina ya watu?"

"Nakala unayo kwenye ile nyingine. Waliyonayo wao hayasomeki. Hata mimi ukinipa siwezi."

Awatif hakuamini. Kwa majuma kadhaa aliufungua ule ukurasa wa mtandaoni kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, akitafuta majina ya wagonjwa wake. Alikuta matangazo ya nyumba za kupanga na mtu aliyepotelewa na punda. Laptopu ilionekana baadaye sokoni, imefutwa kila kitu, inauzwa kama mpya.

"Watu huniuliza mafanikio yako yako wapi," anasema Inas. "Nawaambia kuna mwanamke Kafr el-Tut ana kifua kikuu, na jirani yake amemletea wali leo. Sina picha ya kuwaonyesha."

Lakini nyumbani kwake kuna mtu mmoja ambaye kibali hakimhusu.

Baada ya yaliyompata, Ghada alianza kuwatembelea wanawake wanaopewa majibu mazito. Hakutumwa na mtu. Awatif alimwomba aongee na mmoja, huyo akamleta mwingine. Wanamweleza mambo ambayo hawajawaeleza waume zao: nani anajua, nani asijue, nani alifukuzwa, nani anakunywa dawa chooni. Anataka kuyaweka mahali, amfuatilie kila mmoja, asisahau tarehe ya kipimo cha fulani. Kalamu na karatasi hathubutu, na laptopu yake haina kufuli.

Alimwomba dada yake amwekee. Ilikuwa jioni, wote watatu mezani.

"Siwezi," Inas alisema.

"Wewe ndiye unayekitengeneza."

"Wewe si kliniki, Ghada. Nikikuwekea wewe, nimekivunja kibali. Wakikichukua, kliniki zote zinabaki wazi."

Haja Fawkiya aliweka kijiko chini. "Yaani mtoto aliyeumizwa ndiye asiyepewa?"

Inas anasema katika safari yote, hapo ndipo alipotaka kuacha. Si Kairo, si siku ya kupoteza kazi. Aliondoka mezani akaenda kusimama barazani, na Ghada ndiye aliyemfuata.

"Usiniwekee," alimwambia. "Omba tena."

Ombi la pili lilipelekwa mwanzoni mwa mwaka huu. Safari hii linataka kifurushi kiingie kwenye ghala la wazi, kimfikie yeyote mwenye kompyuta: mwalimu, fundi cherehani, mwanafunzi, mstaafu. Wagdi ameliandika kwa kurasa chache zaidi na matumaini machache zaidi. Majibu hayajaja. Mtu amepita tena mtaani kumuuliza muuza duka maswali, na muuza duka, ambaye sasa amezoea, alimuuzia sigara akamwambia bashmuhandisa yupo, apande tu ghorofani.

Inas hangoji akiwa amekaa. Kifurushi cha ghala la wazi tayari amekifungasha na kukijaribu kwenye mashine yake ya majaribio, na kila programu yenyewe inaporekebishwa huko ilikotoka, naye anakijenga upya, ili siku ya kuruhusiwa kisichelewe hata kidogo. Ndicho kilichokuwa kikijengwa leo juu ya friji, pamoja na kile cha kliniki.

"Nataka siku moja kiwe kitu cha kuchosha," anasema akipakua mulukhiya. "Mtu aiweke Sakia, kufuli limo, wala asijue kama lilipiganiwa. Hiyo ndiyo siku nitakayolala vizuri."

Ghada ameingia sasa hivi, viatu vya michezo mkononi, kutoka kwa mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani. Ameketi mezani. Mama yake anamuuliza huyo mwanamke anaendeleaje, naye anatikisa kichwa: hayo si yake kuyasema.

"Wanawake wako wamefika wangapi?" Inas anamuuliza.

Ghada anajigonga kipaji cha uso kwa kidole.

"Wote wako humu," anasema. "Mwambie Bey wako aharakishe, Abla. Pamejaa."